Nilimlisha Marehemu Baba Maneno

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama nje ya komini ya Gashoho, ofisi ya serikali ya eneo, mikono mitupu, jua la saa nane likinichoma utosi.

Kwa ambaye hakusoma: jina langu ni Vumilia, binti wa Gervasi na Christina. Nilizaliwa hapo Gashoho, mkoa wa Muyinga. Vita vilipokuja nilikuwa na miaka miwili, nikakimbizwa mgongoni mwa mama hadi kambini Ngara, Tanzania. Baba alifia huko. Tulirudi Burundi nikiwa na miaka kumi na saba. Sasa nina ishirini na mbili, naishi Yoba, mjini Gitega, na ninapiga picha katika studio ya Papa Birindwa, Mkongomani wa Uvira.

Kati ya watu wengi walioomba, nilichaguliwa mimi na wenzangu wawili, Joël na Sandrine, kwenda kisiwa cha Pemba kwenye warsha ya wapiga picha. Wiki tatu. Watu wanane kutoka nchi za maziwa makuu. Kila kitu kimelipiwa. Kinachotakiwa ni kamera, picha kumi za "watu wangu, mahali pao", na pasipoti.

Pasipoti inataka hati ya kuzaliwa. Na daftari la mwaka niliozaliwa lilipotea wakati wa vita.

Karani wa komini hakunionea. Aliniambia taratibu, "Dada, leta mashahidi wawili. Mmoja jirani aliyekuwepo ulipozaliwa. Mwingine ndugu wa upande wa baba."

Jirani nilikuwa naye. Bibi Ursula, aliyemzalisha mama, alikubali kabla sijamaliza kuuliza.

Ndugu wa upande wa baba alikuwa mmoja tu. Baba mdogo Venansi. Ndiye aliyebaki kilimani, kijijini kwetu, sisi tulipokimbia, na ndiye anayelima shamba la baba yangu mpaka leo.

Zilibaki siku kumi na mbili kabla ya ndege.

*

Nilimkuta akianika kahawa.

"Amahoro, baba mdogo."

"Amahoro, mwanangu. Karibu." Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Kirundi chako bado kina vumbi la Tanzania."

Alinipa kiti, mkewe akaniletea pombe ya ndizi. Alimuulizia mama. Akamuulizia kaka yangu Kastori. Hakuna neno baya lililotoka kinywani mwake, nami nikaanza kujiona mjinga kwa jinsi nilivyomwogopa njia nzima.

Nikamweleza shida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikichambua punje mbovu kutoka kwenye kahawa.

"Nikisema ulizaliwa hapa," alisema, "nimesema pia kwamba baba yako alikuwa na mahali hapa."

"Lakini si kweli alikuwa napo?"

"Kweli ni kitu kimoja. Kuiandika ni kingine."

Akaendelea kuchambua. Kisha akauliza swali ambalo sikujua lilikuwa linakwenda wapi.

"Gervasi alipokufa, nani alikuwa naye?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi peke yangu. Mama na Kastori walikuwa kwenye foleni ya chakula. Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

Mikono yake ikasimama.

"Peke yako," alisema. "Basi hakuna anayejua alisema nini, isipokuwa wewe na Mungu."

Wasomaji wangu, baba hakusema neno la shamba. Aliniuliza kama mvua imenyesha. Nikamwambia bado. Akafumba macho. Ni hayo tu, na nimeyabeba miaka kumi bila kumpunguzia mtu.

Venansi alitaka niandike mengine. Alitaka karatasi isemayo kwamba mimi, mtoto wa Gervasi, nilimsikia baba kwa masikio yangu akisema shamba lake la Gashoho amemwachia mdogo wake Venansi, na watoto wasilidai.

"Wewe unataka nikutolee ushahidi," alisema kwa upole. "Mimi pia nataka unitolee ushahidi. Kuna ubaya gani?"

Nilisimama bila kuaga.

*

Nilikwenda kwa Bibi Ursula. Alikuwa anamenya maharage mabichi. Nilipomwambia, aliweka sahani chini.

"Usithubutu, mjukuu wangu. Baba yako alilivunja shamba lile kutoka porini. Mimi niliona jembe lake lilivyoisha hadi likabaki kama kijiko. Kastori na mama yako wana nini kingine duniani?"

"Hawana."

"Basi acha kisiwa kikae huko kilipo. Hakitahama."

Nilikaribia kuitika. Lakini nikiwa bado nimekaa kwake simu ikalia. Alikuwa Papa Birindwa.

"We Vumi! Uko wapi? Joël na Sandrine bamekwisha pata pasipoti yabo. Iko we tu unabakia."

"Niko Gashoho, Papa. Bado nahangaika na karatasi."

"Sikia. Organisateur amenipigia sasa hivi. Anasema kama hadi vendredi hauna hata reçu ya pasipoti, nafasi yako anapatia mutu mwingine. Iko na orodha ya batu banangojea. Mi nilikutetea, mais mi niko muuza foto tu, si ministre."

Nikakata simu. Hadi Ijumaa hiyo zilibaki siku tatu, na risiti sikuwa nayo.

Mnataka kujua kwa nini nilikitaka kisiwa kile namna hiyo? Kule kambini walikuja watu wengi wenye kamera. Walitupiga picha tukiwa kwenye maji, kwenye foleni, kwenye matope. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutuletea picha moja tuione. Papa Birindwa alipoweka kamera mikononi mwangu mara ya kwanza, niliipokea kama mtu aliyepewa kisu akaambiwa usiogope. Na barua ya warsha ilisema kwamba kati ya wale wanane, wawili watabaki kufanya kazi hiyo. Kazi ya kweli. Siyo picha za vitambulisho.

Hiyo ndiyo sababu. Haitoshi, najua.

Asubuhi yake nilirudi kwa Venansi. Shefu wa kilima, mzee aitwaye Nazario, alikuwa amekwisha kuitwa. Karatasi ilikuwa tayari, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa shule. Nafasi ya jina langu tu ndiyo ilikuwa wazi.

Sikulewa. Sikutishwa. Sikushikwa mkono. Nilisoma kila mstari, nikachukua kalamu, nikaandika jina langu lote.

Nazario aliuliza mara moja tu. "Binti, ni kweli baba yako alisema haya?"

"Ni kweli."

*

Kule komini, Venansi alifanya kazi yake vizuri kuliko nilivyotarajia. Alivua kofia mbele ya karani, akaniwekea mkono begani.

"Huyu ni damu ya kaka yangu Gervasi. Amezaliwa hapa. Nilikuwa naye mikononi kabla hajaota jino."

Kisha akalia. Machozi ya kweli, si ya kuigiza. Mwanamume wa miaka sitini analia mbele ya meza ya serikali, anamlilia kaka yake aliyefia ugenini, wakati mfukoni mwa koti lake kuna karatasi ya kumnyang'anya marehemu shamba.

Bibi Ursula alitoa ushahidi wake baada yake, kwa sauti ndogo. Hakujua kuwa nimetia sahihi. Sikumwambia.

Na mimi nilifanya nini? Nilitoa kamera nikampiga Venansi picha akilia. Dirisha lilikuwa upande wake wa kushoto, mwanga ulikuwa mzuri.

Alhamisi nilikuwa Bujumbura na hati yangu. Wakapokea maombi, wakanipa risiti. Pasipoti ningeichukua Ijumaa ya wiki itakayofuata. Ndege ilikuwa siku mbili baadaye, Jumapili.

*

Jumamosi tulikutana sote watatu studio, Yoba, kujiandaa.

Papa Birindwa alitandika shuka jeupe juu ya kaunta, akatuamuru tuweke vitu vyetu vyote juu yake, kama askari wanaokaguliwa. Kamera, betri, kadi, vitambaa vya kufutia lenzi. Mifuko ya nailoni ya kufungia kamera dhidi ya hewa ya chumvi. Vyandarua. Sandrine alikuwa amenunua viatu vya mpira vya kukanyagia majini.

"Wanasema kule chini ya maji kuna miba," alisema. "Wewe umepata?"

"Bado."

"Usiende pekupeku, dada, utarudi umebebwa."

Walicheka. Nilicheka pia, ila kicheko changu kilichelewa.

"Bale batu ba Pemba, muombe ruhusa mbele ya kupiga foto," Papa Birindwa alitufundisha. "Akisema hapana, iko hapana. Na chumvi mwiogope. Chumvi inakula appareil ya foto polepole, kutoka ndani. Utaona nje iko nzuri, kumbe ndani iko imekufa."

Tukagawana mizigo ya kundi. Joël taa na waya. Sandrine stendi za kamera za miguu mitatu. Mimi nikapewa bahasha kubwa ya picha za sote watatu, thelathini kwa jumla, kwa sababu walisema mimi ndiye mwangalifu.

Kisha kila mtu akapanga picha zake. Papa Birindwa alipita moja moja, mikono nyuma. Alipofika kwenye picha ya Venansi akasimama.

"Huyu muzee analia nini?"

"Anamlilia kaka yake."

"Ni nani wako?"

"Baba mdogo."

Akaitazama tena kwa muda mrefu. "Vumi, hii iko foto ya kwanza. Weka mbele ya zote."

Nikaiweka mbele.

"Mais mama yako iko wapi? Batu bako bila mama? Nenda Ryansoro kesho, umupige."

*

Mama anaishi Ryansoro, kwa kaka zake, maana tuliporudi hakukuwa na pengine. Walimpa pembe ya kiwanja nyuma ya migomba. Chumba kimoja na jiko la nje. Mwaka huu wamemwambia pembe hiyo inahitajika, mtoto wao anaoa.

Nilimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani, amejipaka mafuta usoni. Nilimweka mlangoni penye kivuli. Akakaa wima, mikono kifuani, vidole vikiwa vimejikunja kama vinashika kitu.

"Mama, mikono iweke tu mapajani."

"Na ubao?"

"Ubao gani?"

"Wa namba. Sishiki ubao?"

Maisha yake yote amepigwa picha kambini tu, wakati wa kuandikishwa, ameshika ubao wenye namba ya familia.

"Hakuna ubao, mama. Ni mimi tu."

Sikuweza kubonyeza. Nilijifanya ninarekebisha lenzi mpaka macho yangu yakauka.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia. Nawaapia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Lakini kabla sijafungua mdomo, kaka Kastori alitokea kwenye migomba, anakimbia kama mtoto, mtu mzima wa miaka thelathini, anapunga karatasi.

"Mama! Wametuita! Tume ya ardhi inakaa Gashoho Jumatano. Kesi yetu ni ya kwanza!"

"Kesi gani?" niliuliza.

"Sikukwambia, mdogo wangu, sikutaka kukuvunja moyo. Nilifungua madai miaka minne iliyopita. Kila mwezi napita kuuliza. Sasa wamejibu." Alinishika mabega, akanitikisa. "Na Bibi Ursula atasema ukweli. Tutarudi kwetu, Vumilia! Kabla hujapanda ndege utapiga picha ya mama kwenye shamba lake. Hiyo ndiyo uwaonyeshe wazungu huko kisiwani!"

Mama alikuwa ameketi vilevile. Midomo yake ilikuwa inasali.

"Utakuja Jumatano?" aliniuliza.

"Nitakuja, mama."

Hilo ndilo jibu nililompa. Siku tatu nilikuwa na nafasi ya kusema. Siku tatu nilikunja nguo, nikafungasha betri, nikanunua viatu vya mpira.

*

Jumatano tume ilikaa katika darasa la shule ya msingi. Wajumbe watatu nyuma ya meza ya mwalimu, mwenyekiti wao mtu mwenye mvi aitwaye Urbano. Sisi tulibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Nje madirisha yalijaa watu wa kilima.

Kastori alisema vizuri. Hakumtukana mtu. Alieleza mipaka, kijito cha chini, barabara ya juu. Bibi Ursula akasimama akathibitisha, jembe na vyote. Mwenyekiti alikuwa anaitikia kwa kichwa, anaandika. Nikaanza kuomba moyoni: Venansi amesahau. Venansi ameona aibu. Venansi ataiacha mfukoni.

"Mzee Venansi," alisema mwenyekiti, "una la kujibu?"

"Mimi sina maneno mengi. Nina karatasi."

Mwenyekiti aliisoma kwa sauti. Mimi, Vumilia, mtoto wa Gervasi, nilimsikia baba yangu kwa masikio yangu. Nikasikia mbuzi akilia barabarani.

Kastori alicheka. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba alicheka.

"Ya kughushi hiyo! Dada yangu huyu hapa. Muulizeni mwenyewe."

Venansi akajibu bila kugeuka. "Muulizeni. Lakini kama sahihi hiyo ni ya uongo, basi na mimi nilisema uongo komini wiki iliyopita kwamba alizaliwa hapa. Nitakwenda kuufuta ushahidi wangu leo hii, na hati yake ife."

Mwenyekiti akanigeukia. "Binti, simama. Sahihi hii ni yako?"

Nilisimama. Kastori alikuwa ananitazama huku bado anatabasamu, ananisubiri nimalize mchezo.

"Ni yangu."

"Na baba yako alisema maneno haya?"

"Alisema."

Msinisifu kwamba la kwanza lilikuwa kweli. Sikulisema kwa ajili ya ukweli. Yote mawili niliyasema kwa ajili ya ndege ya Jumapili.

Kastori hakunipigia kelele. Aliketi polepole, kama mtu anayetafuta dawati gizani. Venansi akashusha pumzi. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Kama mtoto wa marehemu mwenyewe ndiye anayesema," alianza, "tume haiwezi..."

"Si mtoto wa marehemu."

Alikuwa mama. Amesimama. Sijawahi kumsikia mama akimkatiza mtu mkubwa maneno.

"Unasema nini, mama?" mwenyekiti aliuliza.

"Nasema huyu si mtoto wa Gervasi. Wala si wangu. Wa kwangu alifia njiani tukikimbia, kabla ya mpaka. Tulimzika mimi na Gervasi, Kastori akiwa ametangulia na wengine. Huyu tulimkuta kando ya njia siku ya pili yake, analia, peke yake. Nikamfunga mgongoni, nikampa jina la yule wa kwangu." Alikuwa anamtazama mwenyekiti moja kwa moja. Mimi hakunitazama. "Karatasi hiyo imeandikwa mtoto wa Gervasi. Basi si kitu."

Darasa lililipuka. Venansi aliruka kutoka dawatini akipiga kelele kwamba mwanamke huyu anadanganya, anamkana mwanawe kwa ajili ya udongo. Kastori alikuwa amefunika uso. Mimi nilishika ukingo wa dawati nikimtafuta mama machoni, nikitafuta hata alama ndogo, kope, kidole, kitu cha kuniambia kwamba ni uongo, mwanangu, nakuokolea shamba lako. Au kwamba ni kweli. Sikupata lolote.

Mwenyekiti aligonga meza mpaka watu wakatulia.

"Mama Christina, nisikilize vizuri. Nikiandika maneno haya, karatasi ya Mzee Venansi inakufa. Lakini na huyu binti hana baba katika kilima hiki. Hana hati. Wala hana mama. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Niandike?"

Mama alikaza fundo la kitenge chake.

"Andika."

Mwenyekiti akavuta daftari. Alikuwa ameandika jina langu tu, wino bado mbichi, pale Bibi Ursula, mwanamke aliyeapa komini kwamba mimi nilizaliwa mikononi mwake, alipojiinua kwenye dawati la nyuma na kusema, "Weka kalamu chini, mzee. Mimi namjua anayedanganya kati yetu."